Kete Zilizopanda Ngazi

Alasiri ya Ijumaa, Daeng Bollo alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, ndipo aliposikia mtu anacheza galacang chumbani mwake.

Mlio huo kisiwani Lantu hata mtoto anaujua. Kete ikidondokea kwenye shimo la ubao wa mfenesi hulia tak, mlio mdogo, mkavu. Mchezaji mwepesi huzisambaza kete zake tak-tak-tak-tak mpaka ya mwisho, kisha pakawa kimya anapofikiri. Daeng Bollo aliuacha mkono ndani ya kifuu akasikiliza. Tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak. Huyu, alisema moyoni, ana pupa, angesubiri angekula shimo zima.

Kisha akakumbuka kwamba chumbani hamna mtu.

Galacang ni bao, basi. Mashimo saba huku, saba huko, na kila kichwa cha ubao kina nyumba yake kubwa ya kuwekea mateka. Ila Lantu huchezwa msibani tu. Mtu akifa, ubao huteremshwa, wafiwa hukaa wakacheza mpaka matanga yaishe, ili wasibaki peke yao na mawazo. Ukicheza siku nyingine yoyote, unauita msiba kwa jina lake, na msiba una masikio.

Sasa Daeng Bollo ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo huo kisiwani kote, na bahati yake mbaya ni kwamba watu wa nyumba yake walikuwa na afya. Mara ya mwisho kufiwa ni alipokufa mama mkwe wake, na wakati huo bintiye Naeni alikuwa hajabadilisha meno. Tangu hapo, hakuna. Mumewe Daeng Sikki (Lantu kila mtu mzima huitwa Daeng kwa heshima) alianguka kutoka juu ya paa akainuka. Alichomwa na samaki wa mawe, akavimba mguu, akapona. Kila masika alikohoa kama mashine ya boti inayokataa kuwaka, na kila kiangazi aliwaka. Si kwamba mkewe alimtakia mabaya, astaghfirullah! Lakini zipo jioni vidole humwasha mtu. Kwa hiyo Daeng Bollo hakukosa msiba wa jirani, na hata visiwa vya pili alivuka, mara nyingine akimtangulia imamu.

"Taratibu, mwanamke," Daeng Sikki alikuwa akimwambia. "Maiti hajaoshwa, wewe unaulizia kete."

"Naenda kuwafariji wafiwa."

"Ile juzi ulimfariji mjane mpaka akasahau marehemu, analia kwa kufungwa."

Mwaka huu hata misiba ya watu alikuwa ameiacha. Naeni alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka, na mume wake alikuwa Kalimantan kwenye mashamba ya mawese, hivyo uangalizi wote ulikuwa wa mama. Daeng Bollo aliuviringisha ubao ndani ya sarongi, akauingiza uvunguni, kete akazifungia ndani ya kopo la biskuti, na akaapa hatazigusa mpaka amshike mjukuu mikononi.

Akajifuta mikono, akaingia chumbani. Kopo la biskuti lilikuwa limefungwa vilevile. Sarongi ilikuwa imefunguka. Kutoka mlangoni mpaka kwenye ubao palikuwa na njia nyembamba ya maji, na ndani ya mashimo kulikuwa na kete nyingine kabisa, mbichi, zenye mng'aro, kila moja na pete yake ya manjano mgongoni. Zilikuwa hai. Kila konokono alikuwa ametoa unyayo wake na vipembe viwili, joho lake limemfunika nusu ya gamba, naye alipanda ukingo wa shimo, akavuka, akajiachia upande wa pili. Tak. Walifuata sheria. Aliyeishia kwenye shimo tupu alilala, na upande wa pili ukaanza.

Daeng Bollo alitazama mizunguko miwili mitatu, maana mchezo ni mchezo. Kisha akazinduka. Galacang inachezwa nyumbani mwake. Kafa nani?

Alishuka ngazi mbio. Daeng Sikki alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, kinywa wazi.

"Daeng! We Daeng! Umekufa?"

"Bado," alisema Daeng Sikki bila kufumbua macho.

"Una hakika?"

"Ningekwambia."

Akapanda tena mbio, akamkuta Naeni jikoni anachambua dagaa, akaweka kiganja juu ya tumbo lake bila hata salamu. Akangoja. Mtoto alipiga teke la nguvu, na Daeng Bollo akakaa chini pale pale, machozi yanamtoka.

"Amma, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna mtu amekufa, lakini si wewe wala huyu. Endelea na dagaa."

Lantu nyumba zimesimama karibu karibu, na kuta ni za mianzi. Haukupita muda, Daeng Puji, jirani wa mkono wa kulia, alitokea na sinia la wali wa kunata uliofunikwa kitambaa, na kilio chake kimeshaiva. Alikuwa ameusikia mlio, na kwa kuwa masika yaliyopita alimsikia Daeng Sikki akikohoa, alijumlisha mwenyewe.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" alilia toka chini ya ngazi. "Jamani Daeng Sikki! Mtu wa watu! Mwenye ucheshi!"

"Ahsante," alisema Daeng Sikki.

Daeng Puji alimtazama. Akapangusa machozi kwa ncha ya mtandio, akamkabidhi sinia, kwa sababu chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. "Mungu akupe subira," akamwambia. "Ulikuwa mtu mwema."

"Nilijitahidi," alisema Daeng Sikki, akafunua kitambaa kuona kuna kitoweo gani.

Baada ya Daeng Puji wakaja wengine, maana msiba hautaki kadi. Vijana walifunga turubai, viti vya plastiki vikatoka msikitini, wanawake wakawasha mafiga uani. Daeng Sikki alikaa mlangoni akipokea rambirambi zake mwenyewe, na kila aliyempa mkono alisema jambo zuri ambalo kwa miaka yote hakuwahi kumwambia. Imamu alipofika aliuliza maiti iko wapi. Wakampeleka chumbani. Alisikiliza tak-tak kwa makini, akavuta ndevu zake, akasema kwamba msiba upo bila shaka, na kuhusu marehemu, atajulikana. Kisha akaomba kahawa.

Kufika magharibi habari zilikuwa zimetoka kila upande wa kisiwa. Konokono walikuwa wakipanda kutoka ufukweni, wadogo wote, hakuna aliyezidi ncha ya kidole, na kila mmoja alijua ngazi yake. Penye ubao walicheza kwenye ubao. Pasipo na ubao walicheza kwenye trei za mayai. Katika duka la kona walitumia vikombe vya kahawa, na mwenye duka akalazimika kuwauzia wateja wake kwenye bilauri.

Siku ya pili asubuhi, Sanro Daeng Kanang alikuja kumtazama Naeni. Sanro ndiye mkunga, na mikono yake ndiyo iliyowapokea karibu watu wote wa Lantu, imamu akiwemo. Alimpapasa Naeni tumbo, akaridhika. Alipogeuka alimwona Daeng Bollo ameketi sakafuni, na konokono mmoja ametoka ubaoni, amepanda mguu wake, amejibandika kwenye kifundo.

"Anakuja kila nikikaa," alisema Daeng Bollo. "Nikimrudisha anarudi."

Sanro aliinama. Alimtazama konokono, akamtazama Daeng Bollo, akamtazama tena konokono.

"Si atarudi," akasema. "Huyu ni ndugu yako."

Ikaeleweka mara moja, na watu walishangaa tu kwamba hawakuifikiria mapema. Lantu mtoto hazaliwi peke yake. Anayetoka nyuma yake, lile ambalo wengine huliita kondo la nyuma wakalifukia tu, hapa ni ndugu yake wa damu. Sanro humwosha, humtia chumvi, humlaza ndani ya kifuu cha nazi na punje za mchele, kisha humpeleka Batu Towa, mwamba mkubwa ulio magharibi ya kisiwa, na kumwachia azame. Ndugu huyo hubaki huko akiangalia. Wewe ukianguka baharini, yeye ndiye anayekusukuma juu. Ndiyo maana watoto wa Lantu huruka majini kabla hawajajua kutembea vizuri, na mama zao wanaendelea kufua. Ambaye hana ndugu mwambani haruhusiwi kuingia maji yanayopita magoti.

"Kwa hiyo wote hawa ni sisi," alisema Daeng Sikki. Alikuwa amegundua kwamba wa kwake ana pengo kwenye meno ya gamba, upande ule ule wa pengo lake.

"Ni sisi," alisema Sanro.

"Na kwa nini wamehama?"

Wote walikuwa wanaisikia sababu yenyewe. Tangu masika yaishe meli ya mchanga ilikuwa imesimama magharibi ya kisiwa, nyekundu na nyeupe, bomba lake limezama mpaka chini, inanyonya mchana kutwa. Ikijaa, ilikwenda mjini kuumwaga mchanga ule mbele ya ufukwe, mahali panapotengenezwa nchi kavu ya kujengea majumba ya watu ambao bado hawajafika. Kisha ilirudi. Wapiga mbizi walikwishasema kwamba mchanga umetoka chini ya Batu Towa na mwamba umeanza kuinama. Wiki hiyo ulikuwa umevunjika, ukaingia shimoni, ukabaki pembe moja tu.

Basi marehemu akajulikana. Imamu hakupata mahali popote panapokataza kuulilia mwamba, na kwa vile kila mtu alikuwa na ndugu aliyelala humo, kisiwa kizima kilikuwa kimefiwa, kila mtu mfiwa, na pakakosekana wa kumpa mwenzake pole. Wakapeana hivyo hivyo.

Naye Daeng Bollo? Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake mwenyewe, anausikia mlio, na mikono ameikunja kwapani ili isimtoroke.

"Kaa ucheze," Sanro alimwambia. "Msiba si huo? Msiba usipochezewa huzurura, ukazurura ukatafuta kazi nyingine."

"Naogopa, Sanro. Mbili zimeshatoka. Nikikosea hesabu, msiba ukawa si wetu sawasawa, nitakuwa nimeuita mwenyewe."

Naeni alikuwa amejilaza kwenye mkeka, mto chini ya mgongo. "Amma," akasema, "cheza. Tangu jana kete ikilia tu, huyu anapiga teke. Ameshajua kuhesabu zamu. Ukimnyima mchezo atazaliwa amenuna."

Daeng Bollo akatawadha. Akavaa kebaya yake ya kijani, ile ya harusi za watu. Akakaa mbele ya ubao, na upande wa pili ndugu yake akashuka kwenye kifundo cha mguu akaenda kushika nafasi. Walicheza kuanzia baada ya adhuhuri mpaka alasiri. Ilikuwa kweli: ndugu ana pupa, anakula vidogo vidogo, hana subira ya kulimbikiza.

"Ndivyo nilivyokuwa msichana," Daeng Bollo aliwaambia waliozunguka, huku anamnyang'anya mtaji wake wote kwa mkupuo mmoja. "Huko chini hakuwa na wa kumfundisha, maskini." Na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha, hata akaona haya. Waswahili husema kufa kufaana; Lantu hawana methali hiyo, lakini siku ile walikuwa nayo usoni.

Nilikuwa nikisema kete hizi, zilipanda, zililia. Kuanzia hapa nitasema kete hawa, maana Lantu nako walibadilisha, na si adabu kumwita ndugu wa mtu kitu.

Zikafuata siku njema. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wenyeji walipona. Kete hao walilamba utelezi wote wa kijani kwenye mitungi, kwenye nguzo, kwenye matumbo ya boti, mpaka kisiwa kizima kikawa kama kimesuguliwa kwa ajili ya Idi. Watoto waliwabeba mabegani kwenda nao chuoni. Mapacha wa mwenye duka walikuwa na ndugu wanaotembea mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, wakigombana nani awe juu, kama wao. Mama mmoja mzee wa upande wa kaskazini, ambaye hakuwa na mtu tangu wanawe wahamie Papua, alianza kuonekana kila asubuhi barazani na vikombe viwili. Daeng Sikki naye alikuwa akimhadithia wa kwake juu ya kuanguka kutoka paani, na alisema amempata wa kwanza katika maisha yake asiyemkatiza. Usiku watu walilala vizuri.

Kitu kimoja tu kilimkosesha Naeni raha, naye alikisema wazi. "Ndugu wa mwanangu atawekwa wapi?"

"Ile pembe iliyobaki bado imesimama," Sanro alimjibu. "Nimekwenda nimeiona. Inatosha mmoja. Muda ukifika nitampeleka hapo, ilimradi isiguswe."

Kwa hiyo kisiwa kilikuwa na ombi moja, dogo. Na mtu wa kuombwa alikuja mwenyewe. Kampuni yenye meli ilikuwa imesikia kwamba Lantu watu wanakusanyika chini ya turubai, ikadhani ni maandamano, ikamtuma Pak Wiryono, afisa wake wa mahusiano, kwa boti ya mwendo kasi. Pak Wiryono alikuwa mtu wa Java, mpole, mwenye shati la batiki lililopigwa pasi. Alishuka na hotuba mfukoni. Alipoona masinia na wazee waliovaa kofia, akairudisha, akavua viatu.

"Poleni," akasema. "Sikuwa na habari. Marehemu ni nani?"

"Batu Towa," alisema imamu.

"Alikuwa mtu mzima?"

"Sana. Babu zetu walimkuta."

"Mungu amrehemu. Aliugua?"

Watu wakatazama masinia. Mgeni alikuwa ameshapewa umba-umba, vile vidonge vya unga wa mchele vyenye sukari ya mnazi ndani, na mtu hasemwi huku anatafuna. Hatimaye Daeng Sikki akasema, kwa sauti ya chini, ya heshima, "Alinyonywa, Pak."

Pak Wiryono alimeza. Meli ilikuwa inasikika vizuri kutoka pale walipokaa. Aliitazama, akayatazama maji, na inaonekana alielewa, kwa kuwa masikio yalimwiva. Lakini hakuinuka. Alivuta kiti, akauliza kama mgeni anaruhusiwa kucheza, kwa maana bibi yake kule Solo alikuwa na ubao kama huo.

Daeng Bollo alimfunga. Akamfunga tena. Mara ya tatu alimwachia kidogo, kwa ukarimu, kisha akamfunga.

"Mama huyu hana huruma," alisema Pak Wiryono, anajifuta jasho na kucheka.

"Huruma ninayo, Pak," alisema Daeng Bollo. "Kwenye ubao ndiyo sina. Sasa umekula, umecheza, wewe ni mtu wa msiba. Nisikilize. Mwanangu huyu anajifungua wakati wowote. Pale kwenye mwamba pamebaki pembe moja. Waambie wakubwa wako waisogeze meli kando, mpaka mjukuu wangu awekewe ndugu yake. Hata nyumbani kwenu, jirani akifiwa, si mnazima redio?"

"Tunazima, Mama."

"Basi ndiyo hiyo."

"Nitawafikishia," alisema Pak Wiryono, na hakusema uongo. Aliagana na watu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Machoni alikuwa na maji, na kila mtu alimpenda.

Jibu lilifika siku ya tatu, kwenye boti ya mizigo. Lilikuwa ubao wa maua, ule ambao watu wakubwa mjini hutumiana msibani, mrefu kuliko mlango wa msikiti, maua ya karatasi ya zambarau na meupe, na katikati kwa herufi za dhahabu: TUNAUNGANA NANYI KATIKA MAJONZI. Chini yake palikuwa na jina la kampuni. Kisiwani hapakuwahi kufika kitu kizuri namna hiyo. Vijana wanane waliusimamisha ufukweni, na kwa kuwa upepo uliutaka chini, wakaufunga kwenye minazi miwili. Watu walipiga picha mbele yake. Nyuma ya maua, ukichungulia kati ya miguu ya ubao, uliiona meli. Ilikuwa imesogea, kweli. Imesogea kuelekea pembe.

"Wametujibu kwa heshima," alisema imamu.

"Wamejibu," alisema Naeni. "Swali lenyewe ndilo hawakulisikia." Akashika kiuno. "Amma, mwite Sanro."

Alijifungua alfajiri ya pili, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti iliyowatoa watu wote kwenye vyandarua. Kilio kile kilipopasua ukuta, kete chumbani walisimama wote kwenye mashimo yao, vipembe juu. Daeng Bollo alimpokea mjukuu kwenye sarongi mpya. Aliahidi hatalia, akalia, akacheka, akalia tena, akamwadhinia mtoto yeye mwenyewe kabla imamu hajafika, ikabidi imamu arudie. Daeng Sikki alishuka ngazi kwenda kuwaambia majirani, lakini majirani walikuwa wameshajaa ngazini, wakakutana katikati, nusura aanguke tena.

Sanro alimwosha ndugu wa mtoto, akamtia chumvi, akamlaza kwenye kifuu na punje za mchele. Daeng Sikki akawasha boti, wakaenda magharibi. Watu waliwangojea ufukweni, chini ya ubao wa maua. Waliporudi, Sanro alikuwa bado amekipakata kifuu.

"Hakuna," alisema. "Maji ni chai ya maziwa. Nilishusha kamba yote ya boti, haikugusa chini."

Habari ikamfikia Naeni ndani. Alikuwa amelala na mtoto kifuani, anamsikiliza anavyonyonya. Daeng Bollo alimtazama binti yake, kisha akatoka. Alichukua mtungi mkubwa wa jikoni, akaumwaga maji ya kunywa, akaenda nao upande wa mashariki ambako bahari bado ilikuwa safi, akaujaza, akaubeba kichwani mpaka ndani. Akamweka ndugu ndani yake, taratibu, kifuu na mchele na yote. Ndugu yake mwenyewe alishuka kwenye kifundo cha mguu, akapanda mtungi, akaingia majini akakaa naye. Wa Daeng Sikki akafuata.

Kesho yake kwenye ukuta wa ndani wa mtungi alikuwepo konokono mchanga sana. Gamba lake lilikuwa jembamba hata mwanga ulipita, na pete hakuwa nayo bado, maana pete huja na umri. Alikuwa ana njaa kama pacha wake. Nyumba nzima ilipanga foleni kumtazama, na Daeng Puji akaleta sinia jingine, safari hii la furaha, akasisitiza wasichanganye.

Mtoto walimpa jina la marehemu, kama ilivyo desturi mtu akizaliwa ndani ya matanga. Wakamwita Towa. Towa maana yake mzee, na kwa wiki za kwanza, akiwa mwekundu na mwenye makunyanzi, jina lilimkaa.

Matanga yenyewe hayakuweza kufungwa. Imamu alilitafakari suala hilo akaamua kwamba siku huhesabiwa tangu marehemu azikwe, na Batu Towa bado anapelekwa mjini kidogo kidogo, kila safari ya meli sehemu yake. Kwa hiyo msiba upo, turubai libaki, na galacang ni halali. Daeng Bollo alicheza kila alasiri, Towa mapajani, ndugu upande wa pili. Ndugu alikuwa ameanza kujifunza subira, na mara moja moja alishinda, na Daeng Bollo alimtukana kwa mapenzi yote.

Siku ya arobaini wakamtoa mtoto nje. Mtoto mwingine yeyote wa Lantu siku hiyo huchovywa baharini mpaka shingoni, ndugu yake amjue. Towa ndugu yake alikuwa jikoni, kwenye mtungi. Wakampeleka mpaka mahali pakavu tu, hatua chache kutoka kwenye povu, Naeni akamgeuza uso atazame maji kwa mbali, kama anavyoonyeshwa mtu jirani ambaye hatakiwi kumzoea.

"Ile ni bahari," akamwambia. "Usiende."

Meli ikapiga honi. Towa akafumbua macho, akatafuta sauti ilikotoka, akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Amecheka! Jamani, amecheka!" akapiga kelele Daeng Bollo, na ufukwe mzima ukapiga vigelegele, na vijana wakaipungia meli mikono ipige tena.